Wafu wa Chuma na Tabaka Zao: Uhakiki wa Jeshi la Necrons

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuitafuta kazi ya sanaa mahali patatu: kitabuni, jukwaani na kinywani mwa fanani. Makala haya yanaitafuta mahali pa nne, napo ni mezani. Ninachozungumzia ni michezo ya vita vya mezani, hasa ile ya bunilizi ya kisayansi. Mchezaji hununua askari wadogo wa plastiki, akawaunganisha kwa gundi, akawapaka rangi, kisha akawapanga juu ya meza ya futi sita kwa nne wapigane na jeshi la mwenzake. Askari hao, wengi wao, hawazidi urefu wa kidole gumba. Miongoni mwao yako majeshi ya roboti, na hayo ndiyo shabaha yangu.

Wapo watakaoguna: ati vijisanamu vya plastiki navyo ni fasihi? Swali hili si la kupuuzwa, lakini jibu lake tunalo siku nyingi. Tulipokubali kwamba fasihi simulizi ni fasihi kamili, tulikubali pia kwamba kazi ya sanaa inaweza kuishi katika utendaji, ikabadilika kila inapotendwa, na hadhira ikawa na mkono katika kuiunda. Kuhusu nchi za kubuni ndiyo kabisa hatuna la kulalamika. Shaaban Robert alituonyesha katika Kusadikika, 1951, kwamba nchi inayoelea hewani inaweza kusema mambo mazito kuliko nchi iliyopo kwenye ramani. Basi tusiulize kama nchi hiyo ipo. Tuulize inasema nini, na inakisema kwa njia gani.

Hoja yangu ni hii. Katika jeshi la roboti, maudhui hayakai hasa katika masimulizi yaliyochapishwa. Yanakaa katika kanuni za mchezo na katika mkono wa mkusanyaji. Nitaionyesha hoja hiyo kwa kulichambua jeshi moja, Necrons wa mchezo wa Warhammer 40,000, na nitayalinganisha matoleo yake mawili: la 2002 na la 2011.

Chimbuko

Mwingereza H. G. Wells tunamjua kwa riwaya yake ya 1898, The War of the Worlds, ambamo wageni kutoka sayari ya Mars wanaiteketeza Uingereza wakiwa ndani ya mashine za miguu mitatu. Wasiojulikana sana ni Wells wa 1913. Mwaka huo alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupigana vita vya askari wa kuchezea. Kwa hiyo mtu mmoja yumo katika asili ya mambo yote mawili: mashine za vita katika bunilizi ya kisayansi, na vita vya sanamu vyenye kanuni zilizoandikwa. Tena Wells hakuwa shabiki wa mauaji. Mwishoni mwa kitabu hicho anashauri kwamba vita hivi vidogo ni bora kuliko vile vikubwa. Mwaka mmoja baadaye, 1914, vita vikubwa vilianza. Kinaya hicho hakijawahi kuiacha meza ya mchezo hadi leo.

Neno lenyewe "roboti" limetoka kwenye tamthilia. Mcheki Karel Čapek alichapisha R.U.R. mwaka 1920, na jina hilo alipewa na kaka yake Josef, kutokana na neno la Kicheki robota. Nalo robota maana yake ni kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Tukumbuke jambo hili tunapoendelea: roboti ameingia katika fasihi akiwa mtumwa kwanza, mashine baadaye. Katika tamthilia hiyo watumwa wanaasi na kuwaangamiza mabwana.

Kampuni ya Games Workshop iliundwa Uingereza mwaka 1975, na makao yake makuu yako Nottingham. Mwaka 1987 ilitoa Warhammer 40,000, ambayo mtunzi wake mkuu ni Rick Priestley. Ni ulimwengu wa miaka elfu arobaini ijayo, wenye vita tupu. Mwaka 1990 kukatoka mchezo wa ubao, Space Crusade, ulioandaliwa pamoja na kampuni ya MB, na ndani ya sanduku lake mlikuwa na roboti wenye sura za mafuvu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sura hiyo ya mifupa ya chuma ilirudi kwa jina la Necrons, na mwaka 2002 jeshi hilo likapata kitabu chake kamili cha kwanza.

Kisa

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Hapo kale waliishi watu walioitwa Necrontyr, chini ya jua lililowaunguza na kuwatia maradhi. Maisha yao yalikuwa mafupi, hivyo wakatukuza makaburi kuliko nyumba. Wakawaonea kijicho viumbe wa kale walioishi muda mrefu, wakapigana nao, wakashindwa. Ndipo wakakutana na C'tan, miungu wala nyota, waliowaahidi miili ya chuma isiyougua wala kufa. Watu wakaingia tanuruni. Miili ikatoka, roho zikaliwa. Baada ya vita virefu wakalala makaburini miaka milioni sitini, na sasa wanaamka.

Mnaona wenyewe kwamba mtambaji yeyote angekitambua kisa hiki. Ni ngano ya mtu aliyeomba asife akapewa alichoomba. Hata hivyo, ngano hii ikiachwa kwenye karatasi tu haina jipya kubwa. Upya wake unaanza pale dadu linapotupwa.

Fani: kanuni kama usimulizi

Katika toleo la 2002, askari wa Necrons akipigwa hakuondolewa mezani kama askari wa majeshi mengine. Alilazwa ubavu palepale alipoangukia. Zamu ya mwenye jeshi ilipofika, dadu lilitupwa kwa kila aliyelala, na aliyepata 4 au zaidi aliinuka. Lakini palikuwa na sharti: lazima mwenzake wa aina ileile awe ndani ya inchi 6. Hata kikosi chake kikiwa kimekwisha chote, aliweza kuinuka na kujiunga na kikosi kingine cha wenzake kilicho jirani. Aliyeanguka peke yake, mbali na wenzake, hakuwa na wa kumwinua.

Kanuni hii, kwa maoni yangu, ni usimulizi hasa. Haituelezi kwamba hawa ni wafu wasiokufa. Inatufanya tulione jambo hilo, zamu baada ya zamu, na inamfanya mpinzani alihisi tumboni. Anapiga, wanaanguka, anashusha pumzi, kisha nusu yao wanasimama. Zaidi ya hayo, inabeba dhamira ambayo kitabu hakiisemi popote: viumbe walionyang'anywa roho, majina na sauti bado wamebaki na kitu kimoja tu, ujirani. Uhai wao umo baina yao, haumo ndani ya yeyote kati yao.

Kanuni ya pili ilikuwa kali zaidi. Idadi ya Necrons mezani ikishuka hadi robo ya ile waliyoanza nayo, jeshi zima lilitoweka, na mwenyewe akahesabiwa ameshindwa. Hata waliokuwa wazima waliondolewa. Hata bwana wao, mwenye fimbo na joho, aliondolewa. Wachezaji wengi waliichukia kanuni hii, maana mtu aliweza kuwa anaelekea kushinda, ghafla akajikuta anakusanya sanamu zake na kuzirudisha sandukuni. Naelewa hasira yao. Lakini mhakiki hawezi kuipima kanuni kwa kuuliza tu kama inampendelea mchezaji. Kwa upande wa maana, ile ilikuwa tanzia safi. Ilisema kwamba bwana hana maisha nje ya watu wake. Wengi wakiisha, naye ameisha, hata kama hajaguswa na risasi.

Toleo la 2011: mabwana wanapata sauti

Mwaka 2011 kitabu kiliandikwa upya na Matthew Ward, na mambo yakageuka. Ile miungu C'tan sasa imevunjwa vipande vipande na watumwa wake walioasi, na vipande hivyo vinatumiwa vitani kama silaha. Čapek angetabasamu. Necrons nao si umati bubu tena. Wana koo, wafalme, mahasimu, washauri na wivu. Mfalme Szarekh, aliyewaingiza watu wake tanuruni, amewafungua kutoka katika amri zake na kujihamisha mbali kwa majuto.

Wahusika waliozaliwa hapo ni wazuri kweli. Yuko Zahndrekh, jemadari ambaye akili yake imekataa kuona kwamba amekuwa chuma. Anadhani bado ana damu na anapigana vita vya kale vya nyumbani kwao. Maadui wa kila namna anawaona kuwa ni waasi wa kabila lake, na akiwateka huwakirimu. Mlinzi wake, Obyron, anaujua ukweli wote. Anamfuata kimya, akisafisha nyuma yake mambo ambayo bwana wake hayaoni. Wawili hawa wangetosha tamthilia nzima.

Yuko pia Trazyn. Huyu ni mkusanyaji. Katika sayari yake ya Solemnace ana makumbusho ambamo amehifadhi matukio ya historia, na matukio hayo yamejaa viumbe halisi, majeshi mazima, waliogandishwa katika mikao ya vita ili watazamwe. Riwaya ya Robert Rath ya 2020, The Infinite and the Divine, imemfanya kuwa mhusika mkuu pamoja na hasimu wake Orikan. Sasa, hebu tujiulize: nani mwingine hukusanya majeshi, akayagandisha katika mikao ya vita na kuyapanga kwenye kabati la vioo? Ni yuleyule aliyenunua sanamu ya Trazyn. Hapa kazi imemgeuzia kioo msomaji wake. Anacheka, halafu anajiona. Sijui kejeli iliyo nyororo kuliko hii katika mchezo wote.

Kwa hiyo wanaosema toleo la 2011 lilikuza wahusika wana haki. Lakini mimi nauliza swali ambalo tumefundishwa kuliuliza mbele ya kila kazi: sauti hii amepewa nani?

Maudhui: tabaka

Jibu limo ndani ya kitabu. Tunaambiwa kwamba tanuruni hakukuwa na usawa. Watukufu walipewa miili bora iliyohifadhi akili na hulka zao. Watu wa kawaida walipewa miili hafifu, na akili zao zikazimika karibu zote. Hao ndio Warriors, askari wa safu ya mbele. Zahndrekh ana wazimu wake, Trazyn ana makumbusho yake, Szarekh ana majuto yake. Yule wa safu ya tatu, wa nne kutoka kushoto, hana kitu.

Hadi hapo mtu angeweza kusema mtunzi anaukosoa utabaka kwa kuuonyesha. Ningekubali, kama kanuni zisingesema vingine. Tuzitazame.

Kwanza, kuinuka. Katika toleo la 2011 askari wa kawaida anahitaji 5 au zaidi, na kikosi chake kikifutwa chote, basi, hakuna wa kuinuka. Yule wa kikosi jirani hawezi tena kumsaidia. Mabwana na wataalamu wao wamepewa kanuni yao, iitwayo Ever-Living, yaani wenye kuishi milele, na kwa kanuni hiyo bwana anatupiwa dadu hata kama kikosi alichoandamana nacho kimeteketea. Pili, ile kanuni ya jeshi zima kutoweka imefutwa. Sasa bwana anaweza kubaki peke yake katikati ya mizoga ya watu wake, na mchezo ukaendelea.

Tatu, bei. Katika matoleo hayo kila askari alikuwa na thamani yake kwa pointi, na wachezaji walikubaliana jumla ya pointi kabla ya kuanza. Mwaka 2002 Warrior mmoja alikuwa pointi 18, na alikingwa na siraha yake kwa dadu la 3 au zaidi. Mwaka 2011 akashushwa hadi pointi 13, na siraha yake ikahitaji 4 au zaidi. Maana yake maisha ya mtu wa kawaida yamekuwa rahisi, na anakufa upesi zaidi. Fanyeni hesabu: Warriors 20 wa zamani walikuwa pointi 360. Kuzijaza pointi hizohizo kwa bei mpya unahitaji Warriors 27, na bado zinabaki pointi 9. Hao 7 wa ziada hawadondoki kutoka mbinguni. Wananunuliwa dukani.

Hapa ndipo uhakiki wa maandishi peke yake usingefika. Ukisoma kisa, unaona watu wamepewa utu. Ukisoma kanuni, unaona wachache wamepewa utu na wengi wamepunguziwa thamani, tena kwa namna inayomfaa mwenye kiwanda. Sisemi kwamba palikaliwa kikao cha njama. Nasema kazi ya sanaa inayouzwa kwa sanduku haiwezi kuhakikiwa kana kwamba sanduku halipo.

Ulinganisho mfupi na upande wa binadamu unaonyesha kwamba mchezo wenyewe unalijua suala hili. Katika historia ya ulimwengu huo, mashine zenye akili ziliwahi kuwaasi binadamu, na tangu hapo kutengeneza mashine inayofikiri ni haramu. Basi makuhani wa Adeptus Mechanicus wafanyeje, na kazi ipo? Wanachukua watu, wanawaondoa sehemu ya ubongo, wanawafunga vyuma na kuwaita servitors. Sheria iliyokataza mashine kuwa mtu imezaa desturi ya kumfanya mtu kuwa mashine. Roboti wao wa Kastelan, waliotoka kwa plastiki mwaka 2015, hufuata mpango mmoja tu kwa wakati: kujikinga, kupiga risasi au kupigana ana kwa ana. Kwa kanuni za mwaka huo, fundi wao akiubadilisha, mpango mpya hauanzi mpaka zamu inayofuata. Mchezaji anabaki kumtazama roboti wake akitii amri ya jana mbele ya adui wa leo. Tena ni kanuni inayosimulia, si maelezo.

Mkono wa mkusanyaji

Nimesema maudhui yamo pia mkononi. Majeshi ya roboti yana sifa miongoni mwa wakusanyaji kuwa ni rahisi kupaka. Unapulizia rangi ya fedha, unamwagia wino mweusi ujae kwenye mianya, unapitisha brashi kavu kwenye kingo, unaweka kijani machoni. Hakuna ngozi wala macho ya kibinadamu ya kukushinda. Kwa hiyo wengi huanza kwa sababu ya wepesi. Lakini jeshi haliwi jeshi mpaka liwe na wengi. Sanduku la Indomitus la 2020 pekee lilikuwa na Warriors 20. Mpakaji anajikuta anapaka mikono yote ya kulia, kisha yote ya kushoto, kisha mafuvu yote, usiku hadi usiku. Ndiyo robota yenyewe hiyo, shokoa ya hiari, na anayeifanya ni mtu mwenye damu kwa ajili ya mashine.

Ndani ya kazi hiyo, lakini, hutokea jambo ambalo kitabu hakikulitarajia. Wapo wakusanyaji wasioridhika na ishirini wanaofanana. Huyu wanamtia kutu begani. Yule wanamwotesha kuvu la kijani kama shaba iliyokaa udongoni. Mwingine wanamkata mkono na kumwacha hivyo. Vitabu haviwahitaji hawa kuwa na historia, na kanuni haziwatofautishi hata kidogo, lakini alama hizo ni wasifu. Zinasema huyu alilala mahali penye maji, huyu aliangukiwa na paa la kaburi. Hadhira imeingia ndani ya kazi na kuwaandikia wahusika ambao mtunzi aliwaacha. Fanani wa fasihi simulizi anaijua hali hii: hadhira ikiona mhusika amesahauliwa, itamuulizia.

Upungufu na hitimisho

Mchezo huu una upungufu ambao sitaufunika. Ni ghali, na hilo peke yake linachagua nani aketi mezani. Roboti pia ni kisingizio kizuri mno. Akianguka hana mjane, hana mama, na damu haimwagiki. Kuna hatari kwamba anayezoea vita visivyo na matanga ataona vita vyote ni hivyo. Wells aliamini kwamba mchezo unafundisha ubaya wa vita. Inawezekana, ila somo hilo halijileti lenyewe. Linategemea kanuni zinamlazimisha mchezaji aone nini.

Na hapo natoa hukumu yangu. Kwa wahusika, toleo la 2011 linalizidi lile la 2002, na bila hilo tusingempata Trazyn wala Zahndrekh. Kwa dhamira, toleo la 2002 lilikuwa na ukweli mzito zaidi, na halikuhitaji mhusika hata mmoja wa kuusema. Lilimlazimisha mchezaji awahesabu watu wake wa chini. Kila zamu ilimbidi ajue wamebaki wangapi, nani amelala karibu na nani, na kama robo imekaribia. Mchezaji wa 2011 anahitaji kujua tu bwana wake yuko wapi. Vitabu vya baadaye vimezibadilisha tena hesabu za kuinuka, lakini sijaona chochote kilichorudisha ile fedheha kubwa ya bwana kutoweka pamoja na wengi.

Wahakiki wenzangu, mkikutana na kazi ya aina hii msiishie kwenye hadithi iliyochapishwa nyuma ya sanduku. Someni kanuni. Ulizeni nani anainuka akianguka, nani hainuki, na kwa pointi ngapi.